Ndege Huyu, Ndege Hii

Mimi ni mtu wa nyumbani. Miaka ile ya tisini, Koekelberg, Brussels, nilikuwa na kiti changu kando ya chauffage ya kupasha nyumba joto, na aliyenitaka jioni alijua pa kunikuta.

Kwa hiyo tonton mmoja, mjomba wa heshima tu, msimamizi wa kijarida cha jumuiya yetu ya Wakongo wa Kivu, aliponipigia simu, "Mutoto yangu, wewe unajuaka kuchora, unichorere ndege moja ya ukurasa wa mbele," sikuuliza swali. Swali hurefusha simu. Nikatazama dirishani: njiwa amejikunyata kwenye kizingiti, shingo imezama mabegani, jicho moja limefumba nusu, mvua inamnyea. Nikamchora. Nikamvika na skafu, maana alinitia huruma, kisha nikaandika chini yake: "Ndege huyu haendi popote." Kusema kweli nilijichora mwenyewe, ila yeye alikuwa na mabawa.

Jumapili nikampeleka mtaa wa Saint-Josse, nyuma ya duka la vitenge, ilikokuwa mashine ya fotokopi. Tonton akaishika karatasi kwa mbali.

"Bon. Hii ni nini?"

"Ndege, tonton."

"Nilikuomba ndege ya kiwanja cha Zaventem! Ya kubeba batu kurudi nyumbani kwa Noeli! Hii ni ya kupika na majani ya sombe!"

Hapo akadakia padri mzee, Mbelgiji aliyeishi kwetu miaka mingi na kurudi na Kiswahili cha kitabu cha sarufi. Kijarida kizima kilipita chini ya kalamu yake.

"Kosa ni lenu," alisema, na furaha yake ilizidi kiasi. "Ndege huyu ana damu. Ndege hii ina mafuta. Ninyi mnasema 'hii' kwa vyote, hata kwa shangazi zenu."

Watu wakacheka. Aliyekosea ombi ni tonton, aliyechekwa ni mimi.

Lakini hapakuwa na picha nyingine, njiwa akatoka vivyo hivyo. Balaa ni kwamba watu walimpenda. Kwenye tramu, mlangoni pa kanisa: "Papa Njiwa! Leo umetoka nyumbani?" Sikuwahi kuwa na kitu changu Brussels zaidi ya kile kiti. Sasa nilikuwa na njiwa, na nilitaka jambo moja tu: wamwache alivyo.

Hawakumwacha. Toleo la pili, tonton alitaka njiwa abebe sanduku.

"Ndege haina mikono, tonton."

"Donc ufungie kwa bawa."

Halafu mama mmoja wa kwaya akalalamika kwamba njiwa anasinzia kama mlevi, nikamnyoosha shingo. Skafu ikapigwa marufuku, eti nyumbani hakuna baridi. Skafu yangu! "Haendi popote" ikawa "anarudi nyumbani." Mabawa yakatakiwa yanyooke huku na huku, mdomo upunguzwe, na miguu, alors, miguu ya nini na mtu yuko anaruka? Kila mara nilisema hapana. Kila mara nilirudi kwenye kiti changu nikachora, nimenuna kama mwanafunzi aliyepewa adhabu.

Mke wangu alikuwa akipita na ndoo ya kudekia. "Mume wangu, uko unachora ao uko unatii?"

Noeli ya pili ilipokaribia nikapeleka toleo jipya. Padri akavaa miwani, akaitazama picha muda mrefu. Kisha akakata "huyu anarudi" kwa kalamu nyekundu, akaandika "hii inarudi."

Tonton akapiga makofi. "Voilà! Si hii nilikuomba tangu mwanzo?"

Nikaangalia. Tumbo refu, mabawa yamenyooka, mkia juu. Avion ya Zaventem. Mwaka mzima wa kubishana, na nilikuwa nimemchorea ndege yake kwa mkono wangu mwenyewe. Njiwa alibakiza jicho moja tu, limefumba nusu, pale mbele anapokaa rubani.

Tonton akaliwekea kidole. "Hii jicho, uitoshe."

Kwetu Kivu, kutosha ni kuondoa. Kwenye kitabu cha padri, kutosha ni kuwa kiasi kinachofaa, bila kupungua. Nilikuwa nimechekwa mwaka mzima kwa ajili ya sarufi. Siku hiyo nikaona na mimi niitumie.

"Padri," nikauliza, "jicho linatosha?"

Akainama tena juu ya karatasi. "Linatosha kabisa, mwanangu."

"Umesikia, tonton? Linatosha." Nikaiweka karatasi kwenye mashine na kubonyeza kabla hajafungua mdomo.