Hisa ya Mama katika Lori la Pamba

Lori lilikuwa letu. Ndivyo tulivyosema kijijini kwetu, kando ya njia itokayo Shinyanga kwenda Geita, baada ya wakulima kuchanga na kununua lori chakavu la kupelekea pamba kiwandani. Kila hisa ilikuwa shilingi ishirini. Mama, aliyekuwa mjane, aliuza mbuzi akanunua moja. Jioni aliposikia injini ikinguruma mbali, aliinua uso kama mtu aliyeitwa.

Mwenyekiti na karani hawakuwa na mshahara. Kwa shukrani, mkutano wa kwanza uliwapa haki ya kununua hisa kumi kila mmoja, siku yoyote watakayopenda, kwa bei ile ile ya ishirini. Wazee walilielewa jambo hilo kwa desturi yetu: kundi likimaliza kulima shamba la mtu na kuchinja ng'ombe wa malipo, kiongozi huwekewa mguu, naye huuchukua wenzake wakishapata. Nani angemnyima mguu wake? Tulipiga makofi.

Mwaka wa tatu pamba ilistawi mpaka tukalala juu ya magunia. Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo cha ualimu, nikamsindikiza Mama mkutanoni. Alitegemea gawio la faida, kwani mdogo wangu alikuwa amepata nafasi katika shule ya bweni na ada haikuwapo.

Mwenyekiti alieleza kwamba mwaka huu faida haitagawiwa. Kampuni itaitumia kununua hisa za wanaotaka kuuza, kwa shilingi arobaini. Watu walipiga vigelegele. Mama akauliza ni nani aliyepanga hiyo arobaini. Ni yeye na karani, mwenyekiti akajibu. Na zile hisa zao kumi kumi?

"Tumezinunua leo asubuhi, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, kwa upole kabisa. "Kwa ishirini, kama mlivyotupa. Na leo tunaziuza kwa kampuni kwa arobaini, kama mwanahisa mwingine yeyote."

Nilikuwa nimejiandaa kuunasa uongo, na uongo haukuwapo. Faida ya pamba yetu sote ilikuwa inaingia mifukoni mwao mchana kweupe, na mwenyekiti alilisema hilo kama anayesema mvua imekatika.

"Mwanangu," Mama alimwambia mwenyekiti, "mwenye kisu huwaachia wenzake kwanza. Wewe umekata, umechagua, na sasa unatuuzia nyama yetu wenyewe."

"Hii ni kampuni, mayu, si ng'ombe. Miaka mitatu nimekula vumbi lenu bure."

Hilo la vumbi lilikuwa kweli. Mikono ya kukubali ilianza kuinuka, mikono niliyoifahamu, iliyochanwachanwa na vikonyo vya pamba. Kila mmoja alikuwa na shida yake nyumbani, na arobaini ilikuwa mezani. Bila gawio, Mama alibaki na njia moja tu ya kupata ada. Akauza.

Shule zilipofunguliwa tulipandisha sanduku la mdogo wangu kwenye lori. Wenye hisa walisafiri bure. Karani, aliyekwisha kuuza zake zote, alikuwa ameketi mbele karibu na dereva. Alinyoosha kiganja dirishani akamdai Mama nauli.

Nilidhani anatania. Mama alikuwa ameshaanza kufungua fundo la khanga yake.