Kazi ya Kumngoja Mtoto Aseme

Mwanangu, mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Shule niliiacha darasa la nne nikaenda kuchunga ng'ombe wa watu kule Haneti, na leo nina nyumba tatu Dodoma mjini. Nimeuza mifugo kwa waheshimiwa na kwa matapeli, na wote niliwajua kabla hawajamaliza salamu. Lakini ipo siku moja naikumbuka, siku niliyonyamazishwa na binti wa umri wa mwanangu wa kwanza.

Kitinda mimba wangu, Yona, alifika miaka minne bila kusema neno. Anacheka, anaelewa, ukimtuma kikombe analeta kikombe, ila kusema hakuna. Mama mkwe wangu akamkagua kinywa, akatoa hukumu: ulimi umefungwa, ukatwe kwa chini. Wengi kwetu tulikatwa kimeo utotoni, kwa hiyo wembe haukunitisha, nikaelewana na mkataji aje Jumamosi. Aliyegoma ni mke wangu. Alisikia kuna kliniki yenye mtaalamu wa watoto wenye shida ya kuongea.

"Twende kwa huyo kwanza," alisema. "Akishindwa, ndipo mlete wembe wenu."

Nilitegemea kuona mashine. Nikakuta mkeka, kopo la maji ya sabuni, na binti wa Kirangi anaitwa Zuhura ameketi chini, viatu kavua.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mtaalamu yuko wapi?"

"Ndiye mimi. Karibu mkekani."

Kwanza alitutuma tukapime masikio ya mtoto. Tuliporudi na majibu mazuri, akampaka Yona asali kidogo juu ya mdomo. Mtoto akatoa ulimi akailamba yote, nusura afike puani. "Ulimi huu unafika unakotaka," Zuhura akasema. "Wembe utamwachia kidonda tu."

Akapuliza mapovu ya sabuni. Yona akaruka, akayapasua. Halafu binti akaacha kupuliza, akashika kijiti cha kupulizia karibu na mdomo wake, akamtazama mtoto. Nami nikasaidia, maana sipendi kuona kazi inalala. "Anataka tena! Yona, sema tena! Dada, puliza, anataka..."

"Baba Yona."

"Naam."

"Nilimuuliza yeye."

Mke wangu alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Si wewe uliyemletea shida hii," Zuhura akaniambia kwa upole. "Wapo watoto wanaochelewa na sababu hatuijui. Ila unamjibia kabla hajajaribu. Ukishauliza, nyamaza, mtazame, ngoja."

"Binti, mdomo huu umejenga nyumba tatu."

"Hongera baba. Sasa uupumzishe."

Nikaupumzisha. Wallahi nilitokwa jasho. Tukakaa, tukakaa, hadi Yona akabana midomo akatoa "pu." Kwangu hilo halikuwa neno, lakini yule binti alipuliza mapovu kwa furaha kama aliyesikia hotuba nzima. Jioni ile nikampigia mkataji simu, nikamwambia Jumamosi asije.

Tulirudi kila wiki kwa miezi mingi. "Pu" ikawa "puliza," likaja "maji," likaja "mama." Kila mara neno moja tu, na kila mara ni kungoja. Siku moja nikamuuliza Zuhura kwa nini hakusomea kazi yenye hela. Akacheka. "Niliomba famasia nikakosa, nikaja huku nalia. Siku mtoto wa kwanza aliponiita jina, nikaacha kutafuta pa kuhamia."

Basi, siku ya mnada nikaenda na Yona kuuza, kashika kamba ya mbuzi dume mweupe. Mnunuzi akapenda, tukavutana, bei ikakaa. Ananipa hela, nikasikia shati linavutwa. Yona ananitazama, midomo inacheza. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye noti. Nikaurudisha, nikanyamaza.

"Vipi, umepigwa na shoti?" mnunuzi akauliza. "Shika hela yako mzee, jua kali!"

Nikamnyooshea kidole asubiri.

"Mbuzi," Yona akasema. Akameza mate. "Mbuzi wangu."

Maneno mawili yaliyoshikana, mwanangu! Mbele ya mnada mzima!

"Sasa huyo mtoto ndiye muuzaji?" mnunuzi akafoka.

"Umemsikia mwenye mali," nikamjibu. Nikageuza kamba ya mbuzi kuelekea nyumbani.

Kwa hiyo wewe unayetafuta kazi ya kusomea, nisikilize. Usipime kazi kwa ukubwa wa mashine zake. Ipo hii ya kuketi mkekani na kumngoja mtoto aseme, na watoto wanaoihitaji wapo Mlali, wapo Mvumi, wapo nyumba ya jirani yako. Isomee. Ukiikuta kwa bahati mbaya kama Zuhura, usiikimbie upesi. Na wewe mwenye mtoto aliyechelewa, usikimbilie wembe wala usikae ukisema atakua tu. Mpeleke mapema, na ukifika huko punguza maneno, hata kama una nyumba tatu.

Mungu akupe masikio ya kusikia kile kidogo anachokisema mdogo, na subira ya kukingoja. Wanao wakuite, nawe uwe karibu kuitika.

Yule mbuzi alizeekea kwangu. Mnunuzi alikuwa ameshika laki moja na themanini na tano elfu, na jioni ile nikamnunulia mbuzi huyo dawa ya minyoo ya elfu nne. Jumla, maneno mawili ya Yona yalinigharimu shilingi laki moja na themanini na tisa elfu.