Mzunguko Mmoja wa Waya

Niite mwongo ukitaka. Mkono ninaoandikia ni huu wa kulia, na daktari alikuwa ameshaamua ukatwe. Sasa sikiliza.

Mume wangu, Baba Wangari, alikuwa fundi wa kusuka mota pale Majengo, Nyeri. Miaka hiyo ya tisini, mhandisi mmoja anaitwa Gathogo, na jina nalitaja makusudi, alimchukua kazi kwenye banda lake Mweiga. Gathogo alikuwa anaunda mashine ya sumaku ya kupiga picha nyama iliyo ndani ya mwili. Alichora koili, yaani waya wa shaba unaozungushiwa mkono wa mgonjwa ili unase ule mlio mdogo ambao mwili hutoa ukiwa kwenye sumaku. Baba Wangari akaisuka. Mashine haikunasa kitu. Gathogo akamtukana, akamfukuza jioni ya mvua, mtu akatembea mpaka Nyeri. Nimonia ikamchukua.

Nami nilikuwa na uvimbe mkononi. Daktari hakujua kama umefika kwenye mfupa, ndiyo maana alitaka kukata wote. Baada ya mazishi nilimeza hasira nikaenda kwa Gathogo, labda mashine yake ingeuona mfupa. Akaniwekea mkono kwenye koili. Kioo cha mashine kikaonyesha chengachenga tu.

"Hiyo ni kazi ya bwanako," akasema, akatoka nje kuvuta sigara.

Ilikuwa mchana, niamini, ila ukungu wa Aberdare ulikuwa umefika mlangoni. Baba Wangari akaingia na ovaroli yake, ananukia vanishi. Wewe ungepiga kelele? Mimi nilikuwa nimemkosa sana, hata sikushtuka.

Akahesabu mizunguko kwa kidole. Nne, tano, sita, nane.

"Umeruka," nikamwambia.

"Nimeruka nini?"

Ndipo nikaelewa. Kwetu Wakikuyu hiyo namba ina mkosi, na mama yake alimlea asiitamke hata akihesabu mbuzi. Kwenye mota ya mizunguko mamia, mmoja ukikosa nani atajua? Lakini koili hii ilitakiwa minane tu.

"Hapo katikati kuna saba, Baba Wangari."

"Basi iseme wewe, Mama Wangari. Huo mdomo wako umezoea mabaya."

Akacheka kidogo. Nikasema saba, naye akaongeza mzunguko. Vidole vilikuwa baridi, lakini waya aliulaza juu ya ngozi yangu kama anayefunika mtoto aliyelala.

Alipomaliza nikamwambia, "Kaa kidogo, chai iko kwenye chupa."

Akaangalia mikono yake. "Kumbe sisikii kiu wala baridi," akasema polepole. Hakuwapo tena.

Gathogo akarudi, akawasha. Mfupa ukaonekana mzima, uvimbe uko kando. Walikata uvimbe peke yake. Gathogo mpaka leo anawaambia watu ati aliirekebisha yeye.

Sijaolewa tena. Baridi ya Julai ikija, mkono huu hukaa kama umeshikwa. Na wewe, marehemu wako akikujia na kazi, mwache amalize, mwangalie ushibe, unyamaze. Usimkaribishe chai. Alikuwa hajui kwamba amekufa, na mimi ndiye niliyemwambia.