Umande juu ya Kilua cha Mama

Mama hashuki tena ngazi za nyumba yetu ya Mkunazini, magoti yamemgomea. Mkilua alioupanda usichanani, mti wa maua ya kunukia, uko Kiwengwa, kwa mdogo wake Bi Zuhura, na hofu ilishamwingia kuwa umekatwa.

"Zuhura nikimuuliza kwa simu atanambia kila kitu kizima," alisema. "Nenda kanipigie picha. Nnataka kukiona kilua changu kina umande."

Mimi napiga picha za harusi. Nimezoea mabibi harusi na mashangazi wanaosukumana kuingia kwenye picha, si ua dogo linalojificha chini ya majani. Lakini mama akitaka, nani wa kukataa? Nikaazima lenzi ya kupigia vitu vidogo.

Alasiri nikapata nafasi kwenye gari ya jirani anayepeleka mboga mahotelini. Tukapita Mtoni, tukapita Mahonda na Kinyasini, na magharibi ikatukuta Kiwengwa.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Mbona umekonda? Huko mjini hamli?"

Mkilua ulikuwepo nyuma ya jiko, umenizidi kimo. Nilifurahi mno. Nikamwambia asubuhi, jua likichomoza, nitaupiga picha mkilua.

Alfajiri, baada ya kusali, nikatoka na kamera. Majani yamelowa umande, ua hata moja sioni. Bi Zuhura alikuwa kizingitini anafunga vilua kwenye jani la mgomba. Mgeni harudishwi mjini mikono mitupu, na vilua huchumwa kabla jua halijavinyang'anya harufu.

"Hivi vya mama yako," akasema.

Nilichukia, sikufichi. "Mama mdogo, si nlikwambia nnataka kupiga picha?"

"Ya mkilua, ulisema. Mkilua si huo hapo?"

 Akajifunga kanga, akashuka pwani kwenye shamba lake la mwani. Mimi nikapiga magoti kwenye majani mabichi, nikachungulia tawi moja moja kwa hasira. Tawi la chini kabisa, kinaning'inia kilua kimoja.

Jua likapenya kwa ubavuni. Subhanallah! Petali za manjano, nene, zikawaka kwa ndani. Kwenye ncha limesimama tone la umande, na ndani yake uwanja mzima umepinduka, jiko juu, mbingu chini. Sisimizi akaja kunywa. Nikazuia pumzi, nikapiga. Tone likaanguka, na mwanga ule ukaondoka nalo. Miaka yote napiga picha sijapata kuona uzuri wa kiasi hicho mahali padogo namna ile.

Adhuhuri nilikuwa Mkunazini. Mama aliyaweka pembeni yale maua, akaishika kamera kwa mikono miwili.

"Hiki kilikuwa wapi?"

"Tawi la chini kabisa. Mama mdogo alikisahau."

Akakitazama muda mrefu, machozi yakamlenga.

"Hajakisahau. Siku nnaolewa nlimwambia: chuma vyote, cha chini kabisa nibakizie, hicho changu." Akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Na nlikuwa nnamtania tu."