Ushuhuda wa Mama na Mgombea wa Kijiko

Mama alimshukuru Mungu kanisani kabla sijamweleza vizuri ni kazi gani nimepata. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba ni ya ofisi, mjini Nakuru, mambo ya kuandika. Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, akasimama, yeye mwenyekiti wa akina mama, akasema kwamba mtoto wake aliyekaa nyumbani miaka miwili na shahada ya mawasiliano sasa ana ofisi. Kanisa zima likapiga makofi. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Ofisi yenyewe ilikuwa kibanda cha kurekebisha spika. Mwenye kibanda alikuwa mwanamuziki wa roki mwenye mizaha jukwaani, mzee wa miaka hamsini na kitu, nywele hadi mabegani, koti jeusi la ngozi hata jua likiwaka. Alikuwa anagombea kiti cha mwakilishi wadi kama mgombea huru kwa sababu, alivyosema, siasa ilikuwa imemnyang'anya kazi ya kuchekesha watu na alitaka kuirudisha. Nilikuwa nimempelekea redio yetu iliyoharibika, akaniuliza nimesomea nini.

"Mawasiliano."

"Basi njoo uwasiliane, profesa. Mimi nikishika maikrofoni napiga kelele tu."

Nikaanza kumwandikia hotuba. Alama yake ya uchaguzi ilikuwa kijiko, cha mbao, kirefu kama jembe. "Wenzangu wanakula na sufuria nzima," alikuwa anasema akikiinua. "Mimi mnaniona, mtu wa kijiko." Huku kwetu Lanet, pembeni mwa Nakuru, alikata utepe akazindua shimo la barabarani, akalipigia gitaa. Siku moja alienda kufanya kampeni Gilgil, nje ya wadi yetu, ambako hakuna hata mtu mmoja ambaye angeweza kumpigia kura, akasema hao ndio wasikilizaji wasio na hila. Alikuwa anaahidi hivi: "Wengine hupotea mkishawachagua. Mimi nitapotea kuanzia kesho, ili mzoee mapema." Hiyo niliiandika mimi. Nilijivunia kwa saa moja hivi, kisha nikakaa siku mbili nikijiuliza kama mtu anaweza kushtakiwa kwa kuahidi kupotea.

Mama alimwona kwenye simu ya jirani. "Yule mtu wa kelele," akasema, "na wale wanaomfuata, kwani hawana wazazi?"

Niliendelea kumenya viazi.

Jumamosi moja mchana nikapata ujumbe wa mzee: "Niaje profesa. Kesho nakuja kuomba kanisani kwenu." Niliandika jibu nikafuta, nikaandika tena. Nikafikiria kujifanya mgonjwa, lakini nikiugua Jumapili Mama huleta kikundi kizima cha maombi nyumbani. Nikafikiria kumwambia mzee ukweli, kwamba akinitaja tu ushuhuda wa Mama utageuka uongo mbele ya watu aliowaongoza miaka yote hiyo. Mwishowe nikamtumia neno moja: "Sawa."

Alikuja na koti lake. Wahudumu wakamtoa nyuma wakamkalisha mbele, kama wanasiasa wote. Pasta akampa dakika mbili za kusalimia, bila siasa.

"Nilikuja kukaa nyuma," alisema, "mkanileta mbele kama mshtakiwa. Bahasha ya mchango sina. Kijiko nimekiacha nje, msije mkadhani nimefuata chakula cha wageni."

Watu wakacheka, hata wazee wa kanisa. Nikaanza kupumua. Ndipo pasta, kwa desturi yetu, akasema, "Mgeni, uliokuja nao wasimame tuwaone."

Mzee akaangaza macho kwenye viti. Akanipata, nikiwa nimejikunja nyuma ya mwanamume mnene. Sijui uso wangu ulikuwaje, lakini aliusoma, akatazama dari.

"Niko na mmoja tu," akasema. "Naona leo hakufika."

Alikuwa amenifungulia njia. Ningebaki nimekaa, na mambo yangeishia hapo. Nilianza kupima: nikikaa itakuwaje, nikisimama itakuwaje, na dada mmoja wa kwaya, aliyeniona kibandani jana yake, atasema nini. Nilipima mpaka nikachoka. Nadhani nilisimama kwa sababu ya uchovu huo.

"Si huyu ni wetu?" pasta akauliza.

"Ndiye yule wa ofisi!" mtu akanong'ona, kwa sauti ya kusikika kila mahali.

"Huyo ndiye huandika ninayosema," mzee akasema. "Yakiwa mazuri ni yake. Yakiwa mabaya nimeongeza mimi."

Kwenye benchi la akina mama, kitambaa cheupe cha kichwani cha Mama hakikugeuka. Sikusikia mahubiri hata neno moja.

Baada ya ibada Mama alikuwa ananisubiri kando ya tangi la maji, Biblia kifuani.

"Hiyo ofisi ina mlango?"

"Uko, Mama."

"Unafungwa?"

"Na kufuli."

"Na meza?"

"Iko. Imejaa spika, lakini nikizisogeza daftari linatosha."

"Anakulipa?"

"Kila Ijumaa. Hajawahi kukosa."

Akatazama juu, midomo ikisogea kidogo, kama mtu anayerudia maneno aliyowahi kuyasema mbele ya watu, akiyapima moja moja.

"Basi sikudanganya kanisa," akasema.

Nilitaka kucheka na kulia, nikaishia kukohoa. Mama akanipiga mgongoni, akaacha mkono wake hapo.

"Na huyo mzee wako atashinda?"

"Hapana, Mama. Hata yeye anaogopa kushinda."

"Mungu ni mwema." Akanipa Biblia nimbebee. "Nenda umwite. Nimepika ndengu, na mtu aliyekonda hivyo hana mke. Mwambie koti alivue, kwangu kuna joto."

Nilikimbia kumtafuta langoni, na nilipokuwa nikikimbia nikagundua kwamba nina njaa kali. Sikuwa nimekula kitu tangu Jumamosi asubuhi.