Shemeji Gaylen na Njia ya Chini

Dada yangu Marlys tulimzika mwezi wa pili, ardhi ikiwa imeganda hata wachimbaji wakalazimika kuiwashia moto kwanza. Mwezi wa tano ulikuwa haujaisha, mumewe akaanza kupanga safari ya watu wawili.

Nilijua ni ya wawili kwa sababu Gaylen Haugen hajui kuficha kitu. Ni fundi wa mabomba ya kumwagilia nyasi za ng'ombe, mrefu, mpole, na kanisani kwetu ndiye anayesimama mlangoni kuwapa watu vitabu vya nyimbo. Miaka yote aliyokaa na dada yangu sikumsikia akimkatiza mtu maneno. Akitaka kwenda kulala porini hutandaza vitu vyote kitandani, hema, jiko dogo, kamba, soksi, halafu hushinda akivitazama na kupunguza kimoja kimoja. Jumapili hiyo nilimpelekea sufuria ya tambi na nyama, nikakuta mlango wa chumba uko wazi. Kitandani palikuwa na mikoba miwili ya mgongoni. Mmoja naufahamu. Wa pili ulikuwa mdogo, mpya, wa zambarau.

"Unakwenda na nani?" nikamuuliza.

"Bado napanga tu, shemeji."

"Sikukuuliza kama unapanga."

"Nyama inanukia hii! Umeweka kitunguu saumu?" Akausukuma mlango kwa mguu, ukajifunga.

Sisi wa bonde hili huwa tunaangalia Farasi. Ni bonge la theluji kwenye uso wa mlima juu ya mji, lenye kichwa, shingo na mgongo. Shingo yake isipokatika, mapito ya juu bado yamefukiwa, na mwenye akili zake hapandi. Mwaka huo Farasi alikuwa amenona. Kwa hiyo anayefunga mizigo sasa anashuka korongoni, kando ya mto Snake, ambako joto limeshafika. Na wanaoshuka korongoni mwezi wa sita ni wavuvi na watu wasiotaka kuonekana. Gaylen havui samaki. Yeye na Marlys walikuwa wakisubiri mwezi wa nane, wanakwenda kwenye maziwa ya juu, hadharani, na picha tunaonyeshwa wote.

Jumanne nilipita dukani kwa Darla, anayeuza viatu na vifaa vya porini.

"Gaylen wako alikuja kununua buti za kike," akaniambia kabla sijamsalimu.

"Wangu kwa vipi?"

"Haya, wa familia yenu. Usinimeze. Namba ndogo hivi. Akauliza kama zinashika kwenye mawe yenye maji."

"Alisema ni za nani?"

"Alisema za mtu asiyetaka kukanyaga theluji. Nikamwambia basi mpeleke ufukweni, akacheka. Alivyocheka, Ardis, nilifurahi. Tangu msiba sijamwona akicheka."

Mimi sikufurahi. Mimi na marehemu tulirithi miguu ya baba, mikubwa. Usiku huo nilimwomba Mungu anipe moyo wa upole, na kesho yake nikaendesha gari polepole mbele ya nyumba ya Gaylen, kwenda na kurudi.

Alhamisi alikuja kwangu kurekebisha bomba la jikoni. Simu yake ikalia, akatoka nayo barazani. Dirisha lilikuwa wazi, na mimi nilikuwa na vyombo vya kuosha karibu nalo.

"Hata kidogo, theluji hatutaiona," alikuwa akisema. "Nimempigia afisa wa msitu. Theluji ya njia ya chini imeyeyuka yote. Tunalala mara mbili tu... Ndiyo, mzigo mzito nabeba mimi." Akasikiliza kidogo. "Ardis? Hapana, usimwambie. Akijua, hatuendi popote."

Aliporudi ndani nilimpa kahawa. Kikombe nilikiweka kwa kishindo, naye akadhani ni majonzi, akanipigapiga begani.

Niliamua kwamba mtu huyo asiketi tena mezani kwa mama yangu akila chakula chetu kama mfiwa. Lakini nilitaka mama asikie yeye mwenyewe. Kwa hiyo Jumapili, baada ya ibada, tukiwa sisi watatu mezani na mama anakata pai, nikasema, "Mama, mkweo ana mwanamke."

Gaylen akaweka uma chini. Mama aliendelea kukata.

"Ana miguu midogo?" akauliza.

"Ndiyo."

"Na mkoba wa zambarau?"

Nikamgeukia mama.

"Mimi nilitaka wa bluu," mama akasema. "Haukuwepo."

"Mama, una miaka sabini na sita! Una nyonga ya chuma!"

"Ndiyo maana sitaki theluji. Chuma kikipata baridi kinanitafuna."

"Unakwenda kutafuta nini huko?"

Mama akanisogezea kipande changu. "Kuna uwanda wa nyasi kando ya mto. Gaylen alimpeleka dada yako pale wiki waliyooana. Kila mwaka Marlys alikuwa ananiambia, mama njoo upaone, na mimi namjibu, nitakuja tukimaliza kukata nyasi. Unazijua nyasi za hapa. Zinaisha lini?"

"Na mimi kwa nini hamkuniambia?"

"Wewe ungekuja kutuchunga, mwanangu. Hungekuja kulia."

Neno hilo lilinichoma, lakini halikunituliza. Nikamtazama Gaylen. "Wewe hufungi mlango kwa sababu ya mkoba. Kuna kingine."

Akamtazama mama. "Mwambie tu," mama akasema.

"Kuna kijito," akasema Gaylen. "Theluji tumeikwepa, lakini inayeyuka, na maji yake yote yanapita pale. Gogo la kuvukia limechukuliwa. Afisa anasema maji yanafika pajani. Mimi na Mama peke yetu hatuvuki. Watu watatu wakishikana wanavuka."

"Wa tatu ni nani?"

"Nilikuwa natafuta namna ya kukuomba. Nikaogopa jibu."

"Basi aje," mama akasema. "Ila ulimi auache hapa mezani."

Nilikubali haraka mno, na nadhani walishangaa. Sikuwa nimemwamini Gaylen. Niliona mbele yangu mtu aliyechanganyikiwa kwa majonzi, aliyempoteza mmoja wetu na sasa anakwenda kumpoteza wa pili. Nilikwenda ili nikifika kwenye kijito niseme hapana.

Tulikifikia jioni ya kwanza, kikinguruma, maji ya kahawia. Nilikuwa nimeshafungua kinywa.

"Leo hatuvuki," Gaylen akasema. "Haya ni maji ya jua la mchana. Huko juu usiku kunaganda, asubuhi yatapungua."

Asubuhi mawe yalikuwa yanaonekana, kweli, lakini kelele ilikuwa ileile. Akatufungua mikanda ya mikoba kiunoni.

"Mbona unatufungua?"

"Ukianguka, mkoba ukuache uende. Usiende nao."

Tukashikana mabega, nyuso zikitazamana, yeye akasimama upande maji yanakotokea. Yakampiga yeye kwanza na kutufikia sisi yakiwa yamepungua nguvu kidogo. Baridi yake ilipanda hadi kwenye meno. Alisogea mmoja, wawili wakasimama, halafu mwingine. Katikati jiwe likabingirika chini ya mguu wa mama, akazama hadi kiunoni, na mkono wa Gaylen ukamnyanyua kwa kola. Hakupiga kelele.

"Zamu yako, Ardis," Gaylen akasema.

Hapo ndipo nilikuwa nimepanga kusema turudi. Ukingo tulikotoka na ule wa mbele zilikuwa sawa kwa umbali. Nikamtazama usoni, karibu kama ninavyoitazama sahani yangu. Alikuwa analia, wala hakujifuta, maana mikono yote miwili ilikuwa kwetu.

"Nani amelala?" mama akafoka. "Miguu yangu ishakufa ganzi!"

Nikasogeza mguu. Halafu mama. Halafu yeye.

Ng'ambo tulimvua mama nguo zilizolowa, tukamvika kavu, Gaylen akiwa amegeuka kutazama mlima. Mama alipopata joto akauliza, "Ni wapi?"

Gaylen akanyoosha mkono kwenye uwanda chini ya miamba, nyasi zikiwa zimefika magotini. "Pale," akasema. Lakini hakusogea. Alisimama tu na mkono wake hewani.

"Twende, shemeji," nikamwambia. Nikaokota fimbo, nikatangulia mimi, nikizipigapiga nyasi kufukuza nyoka, na nyuma yangu nikawasikia wote wawili wakija.