Viazi Vilivyoiva Nje Tu

Hedimani wetu ndiye aliyetuharibia viazi. Nasema wazi, na kama ana watoto, wasome.

Ilikuwa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, katika kijiji kilichozungushiwa handaki kati ya Ruiru na Thika. Mama alichimba hilo handaki kutwa. Akirudi jua linashuka, na haikupita muda firimbi ya homgadi, mwenzetu aliyegeuka askari wa wazungu, inalia, kila moto uzimwe. Hapo katikati ndipo tuivishe chakula. Cucu, mama ya baba, hakuwa na jino hata moja. Kiazi kisipopondeka, alilala njaa, na mifupa ya mabega ilikuwa imeanza kuchomoza.

Hedimani, mkubwa wa kijiji aliyewekwa na serikali, alitoa amri: maji ya mto yachemke kwanza, ndipo chochote kiingie. Tukatii hata kwa viazi, wajinga sisi. Tulivitumbukiza kwenye maji yanayotokota, ganda likapasuka, nje uji, katikati jiwe. Cucu akatema kwenye kiganja.

"Hiki ni kama homgadi," akasema. "Kimeiva nje tu."

Lakini kitu kimoja kilinisumbua. Jirani yetu mjane, tuliyemwita tata, yaani shangazi, aliwasha moto baada yetu na akaepua kabla yetu. Kuni ni zile zile za mibuni. Alikuwa na dawa gani? Nikaenda kuchungulia.

"Ingia, wacha kunusanusa kama mbwa wa askari."

Viazi vilikuwa ndani ya maji baridi, maji yamevifunika tu. Vikubwa alivikata vilingane na vidogo. Juu akashindilia jani la mgomba.

"Tata, na amri ya hedimani?"

"Kwani maji hayachemki viazi vikiwa ndani? Vipate moto pamoja, viive pamoja."

Vilipoiva akamwaga maji, akarudisha sufuria kwenye makaa kidogo, akaitikisa. Viazi vikakauka, vikawa unga. Nilishangaa. Miezi yote hiyo, na kwetu hakuna aliyejiuliza!

Kesho yake nikapika hivyo. Homgadi alipokuja na debe kumwagia mafiga maji, bakuli lilikuwa tayari mkononi mwa cucu.

"We mama mzee, unatafuna nini hapo gizani?"

"Sitafuni, namumunya," cucu akajibu, mdomo umejaa. "Viazi. Leo vimeiva mpaka ndani."